Cheo cha Vita Hakikuwa Leseni ya Uwakili

Mwaka huu wa 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu itangaze uhuru, na maswali yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha nyaraka za sheria yamezidi. Tunashukuru. Ila moja halichoki kurudi: askari waliopigania uhuru huo walizawadiwa uwakili? Hapana.

Kinachowachanganya wengi ni New York. Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilimtaka mwombaji ajifunze kazi miaka 3 chini ya wakili. Januari 1782 sharti hilo likasimamishwa kwa muda, kwa vijana waliokuwa wameelekea kwenye sheria kabla ya vita kisha wakaenda kupigana. Isomwe vizuri tafadhali: kilichoondolewa ni ile miaka 3. Kutahiniwa kulibaki palepale. Luteni kanali Aaron Burr alipitia mlango huo. Alexander Hamilton, naye askari wa vita hivyo, alichelewa, akaomba muda uongezwe, akakubaliwa. Akajifungia na vitabu na kujiandikia mwongozo wa taratibu za mahakama. Julai akapata ngazi ya kwanza, ya kuandaa mashauri. Kusimama na kutetea ni ngazi ya pili, aliyoipata Oktoba. Ngazi mbili, tarehe mbili. Anayeandika moja amekosea.

Nafasi nazo zilikuwepo kwa sababu sheria ya 1779 iliwazuia mawakili wa zamani kufanya kazi mpaka wathibitishe kwamba waliunga mkono uhuru. Walioegemea kwa mfalme walikosa kazi. Hili halisemwi sana kwenye sherehe.

Virginia mambo yalikuwa mepesi zaidi. Kapteni John Marshall, aliyepitia baridi ya Valley Forge, kambi ya jeshi la uhuru, alihudhuria mihadhara ya mwalimu wa sheria George Wythe huko Williamsburg mwaka 1780, miezi michache tu. Daftari lake lipo hadi leo: katikati ya vifungu vya sheria ameandika jina la Polly, binti wa Ambler, aliyekuja kumwoa. Leseni yake ilisainiwa na Gavana Thomas Jefferson, ambaye baadaye walipingana vikali kisiasa. Marshall akawa Jaji Mkuu wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1835.

James Monroe naye alipigwa risasi ya bega kwenye mapigano ya Trenton, Desemba 1776, akasoma sheria kwa huyo huyo Jefferson, akawa rais. Mwaka 1818 alisaini sheria ya pensheni kwa askari wenzake wa zamani wasiojiweza: miezi 9 ya utumishi, dola 8 kwa mwezi kwa askari wa kawaida, 20 kwa ofisa. Maombi yakafurika. Mwaka 1820 kila mlipwaji akatakiwa kuwasilisha mahakamani, kwa kiapo, orodha ya mali yake yote; asiyeileta, malipo yalisimama. Ndiyo maana ndani ya mafaili hayo utakuta mzee aliyepigana vita akihesabu ng'ombe mmoja, sufuria na visu vyake mbele ya hakimu.