Paking ya VIP kwenye viwanja vya burudani: unalipia nini hasa?

Kila sikukuu ikikaribia, Idd, Pasaka au Krismasi, wenye viwanja vya burudani na mabwawa ya kuogelea hapa Dar huniuliza swali moja: tuweke paking ya VIP? Wazazi nao huniuliza kwa upande wao: hiyo elfu kumi ya kupaki karibu na geti ina maana, au ni kuchomwa tu? Kazi yangu ni kupanga maegesho, na maswali hayo mawili nayajibu kwa hesabu ile ile. Paking bora ina thamani pale tu inapompa mgeni kitu ambacho paking ya kawaida haimpi. Kitu hicho Dar si kile kinachouzwa kwenye viwanja vya Disney kule Marekani.

Tuanzie huko ng'ambo, maana wengi wanaiga bei bila kuangalia kilichomo ndani yake. Disneyland, mojawapo ya viwanja hivyo, ilipofunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1 na paking ilikuwa senti 25. Ukizipandisha senti hizo kwa mfumuko wa bei wa Marekani, unapata karibu dola 3 za mwaka 2024. Bei yenyewe ya paking ya kawaida mwaka huo ilikuwa dola 35, yaani takriban mara 12 ya hiyo. Kiingilio nacho kimepanda sana, na Oktoba 2024 tiketi ya siku moja kwa siku zenye watu wengi zaidi ilifika dola 206. Ila kiingilio kina cha kujitetea: mwaka 1955 ukishaingia ulilipia kila mchezo peke yake, leo michezo karibu yote imo ndani ya tiketi. Paking haijaongezewa chochote. Ni mstatili ule ule wa lami.

Inapanda hivyo kwa sababu ya mahali mgeni anapokutana nayo. Kiingilio unakiona kwenye tangazo, unapiga hesabu ukiwa nyumbani, unalinganisha na kwingine. Paking unakutana nayo getini, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, magari yamekubana kwa nyuma. Hakuna anayegeuza gari hapo kwa sababu ya elfu tatu. Mwenye kiwanja anayetaka mapato zaidi bila kugusa bei iliyo kwenye bango hupandisha kile ambacho mgeni hakukihesabu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa foleni za michezo: Disney walianzisha FastPass mwaka 1999 ikiwa bure, na mwaka 2021 huduma ya kuruka foleni ikawa ya kulipia. Kiingilio cha Disneyland na cha Walt Disney World, viwanja vyao vya Florida, kilianza kutofautiana kwa msimu mwaka 2016, na mwaka 2018 Walt Disney World wakaingia kwenye bei ya tarehe.

Walt Disney World, kule Orlando, walipandisha paking ya kawaida kutoka dola 25 hadi 30 mwaka 2023, na ile ya karibu bei yake iko juu zaidi. Kama una safari ya huko, jua mambo mawili. Kwanza, ukilipa paking ya kawaida kwenye kiwanja kimoja, malipo hayo yanakufaa siku nzima kwenye viwanja vyao vyote vinne, na anayelala kwenye hoteli zao halipi paking hiyo ya kawaida. Pili, Magic Kingdom, kimojawapo cha hivyo vinne, ndiko paking ya karibu inakupa kidogo kuliko kwingine. Magari ya wageni wa kawaida hayafiki kwenye geti lenyewe. Yanaegeshwa ng'ambo ya ziwa, kisha abiria wote hupanda treni ya reli moja au kivuko. Paking ya karibu inakusogeza tu hadi kituo cha kupandia. Ni sawa na kulipia paking nzuri pale Magogoni ilhali pantoni bado unaisubiri na wenzako.

Sasa tuje kwetu. Kule wanauza ukaribu kwa sababu uwanja wa magari ni mkubwa mno, mtu anahitaji tramu kufika getini. Viwanja vyetu vingi, iwe Kunduchi au Kigamboni, mgeni aliyepaki mbali kabisa anatembea mita 300 hivi. Mzazi mwenye watoto wadogo anakwenda mita 50 kwa dakika, kwa hiyo ni dakika 6 kwenda na 6 kurudi. Aliyepaki VIP mita 50 kutoka getini anatumia dakika 2 kwa yote. Ameokoa dakika 10. Kama tofauti ya bei ni shilingi 7,000, kila dakika ameinunua kwa 700. Kwa mwenye kichanga, bibi anayetembea kwa mkongojo, au familia iliyobeba mahotpoti ya pilau pale panaporuhusu chakula cha kutoka nje, hiyo ni haki yake na asijute. Kwa vijana wanne ndani ya IST, hapana.

Adimu ya Dar ni kivuli, ardhi ngumu, ulinzi na njia ya kutokea. Hivyo vinne ndivyo vya kuuza.

Kivuli nakitanguliza kwa makusudi. Gari lililofungwa vioo juani, Januari au Februari, ndani yake joto linapita nyuzi 50, na mtoto aliyetoka kwenye maji hawezi kukalia kiti cha ngozi kilichokaa hapo tangu saa nne asubuhi. Wengi hukosea kuchagua kwa kuangalia kivuli kilichopo wanapofika. Asubuhi kivuli cha mti kinalala upande wa magharibi, na ndipo kila mtu anapokimbilia. Ikifika saa nane hadi saa kumi, ambapo gari linaungua kweli, kivuli kimehamia mashariki. Paki mashariki ya mti, hata kama asubuhi pana jua. Mwarobaini na mkungu ni miti mizuri kwa kazi hii. Mwembe wakati wa msimu utakuachia maembe juu ya boneti, na chini ya mnazi usipaki kabisa. Nazi moja inamaliza kioo cha mbele. Mwenye kiwanja asiye na miti aweke neti za kivuli kwenye nguzo, na awakumbuke wenye magari marefu: urefu kutoka ardhini hadi kwenye neti usipungue mita 2.5.

Ardhi ngumu ni suala la pwani. Mchanga wa ufukweni unabeba gari likiwa limesimama, lakini tairi likianza kuzunguka linajichimbia. Wakati wa masika mchanganyiko wa mchanga na udongo unakuwa tope, na jioni unakuta Noah tatu zinasukumwa. Dawa yake ni moramu iliyoshindiliwa, unene wa sentimita 15 angalau, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yatoke. Kama fedha haitoshi kwa uwanja mzima, anza na njia za kupita na mdomo wa geti. Magari hunasa zaidi yanapokata kona kuliko yakiwa yamesimama.

Vipimo. Nafasi moja ya gari ni mita 2.5 kwa 5, na njia kati ya safu mbili mita 6. Ukijumlisha kona na njia kuu, gari moja linakula mita za mraba 25 hadi 30, kwa hiyo hekta moja inabeba magari 330 hadi 400. Nafasi za VIP zipanue hadi mita 2.8, maana mlango wa Prado ukifunguliwa mtoto akiwa mikononi ndipo gari la jirani linapochubuliwa. Koasta za shule zitengewe eneo lao. Koasta moja ni karibu mita 7, na ikiingizwa kwenye safu za magari madogo inafunga njia nzima.

Sasa geti la magari, mahali panapoharibu siku kuliko pengine pote. Chukua Idd Mosi, magari 600 yanafika kati ya saa nne na saa tano. Mkusanyaji anayepokea taslimu na kurudisha chenji anatumia sekunde 25 kwa gari mambo yakienda vizuri, yaani magari 144 kwa saa. Njia tatu zinapitisha 432. Magari 168 yanabaki nje, na kila moja kwenye foleni linachukua mita 6.5, kwa hiyo una zaidi ya kilomita moja ya foleni barabarani. Sasa ongeza mazungumzo ya VIP kwenye dirisha hilo hilo. "Ya kawaida elfu tatu, VIP elfu kumi, VIP iko wapi, haya ngoja nimuulize mama watoto." Sekunde 25 zimekuwa 40. Kila njia sasa inapitisha 90, tatu zinapitisha 270, na foleni inakuwa kilomita 2 na ushee. Umepata elfu saba za watu wachache na umewakasirisha mamia, pamoja na majirani na daladala zilizokwama.

Kwa hiyo VIP isiuzwe getini. Iuzwe kabla, kwa lipa namba, na namba ya gari iwe kwenye orodha ya mlinzi. Pasipo malipo ya kabla, getini toa kadi tu, sekunde 8 hadi 10, na malipo yafanyike ndani pamoja na kiingilio. Kulipa kwa simu pale pale getini nako kuna tatizo lake: watu elfu kadhaa wakiwa eneo moja mtandao unalemewa, ujumbe wa kuthibitisha unachelewa, na gari haliondoki. Wanaolazimika kupokea taslimu waweke bei inayolipika kwa noti moja. Elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Bei ya 3,500 ni bei ya kutafuta chenji.

Idadi ya VIP isizidi moja ya kumi. Uwanja wa magari 400 utenge 40. Ukiuza zote kwa 10,000 unapata 400,000, na 360 za kawaida kwa 3,000 zinaleta 1,080,000, jumla 1,480,000. Usiile yote kwa macho. Kama umesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na bei imejumuisha kodi, kwa kiwango cha kawaida asilimia 18 imo humo ndani: gawanya kwa 118 kisha zidisha kwa 18, ni karibu 225,800 ya TRA, na risiti ya mashine ya EFD itoke kwa kila gari. Kisha walinzi. Mmoja anaweza kuangalia magari 60 hadi 80 yakiwa kwenye safu zilizonyooka. Yakipakiwa hovyo hovyo, hata 30 yanamshinda.

Nafasi za VIP zikijaa zote kabla ya saa nne, bei yako iko chini. Zikibaki nusu hadi saa nane, zifungue kwa bei ya kawaida. Mgeni anayezunguka mara tatu akiziona nafasi ishirini tupu karibu na geti harudi mwaka unaofuata, na sioni kosa lake.

Kuhusu ulinzi nina msimamo mkali. Kibao cha "paki kwa hasara yako mwenyewe" hakikai pamoja na paking ya VIP. Kinachoibwa kwenye maegesho yetu kinajulikana, ni sait mira, taa na nembo. Anayelipa zaidi apewe kadi iliyoandikwa namba ya gari, hali ya vioo vya pembeni na jina la mlinzi wa safu, na kadi hiyo ikaguliwe gari linapotoka. Kazi hiyo inachukua dakika moja kwa gari, ndiyo maana inafanywa ndani kwenye safu, mbali na geti. Wewe mgeni, piga picha pande zote mbili za gari lako kabla ya kuondoka hapo, namba ya usajili ionekane.

Kwa mzazi, piga hesabu ya safari nzima kabla ya kuangalia paking. Mafuta, viingilio, chakula, na kama unakwenda Kigamboni, tozo ya daraja au nauli ya pantoni kwenda na kurudi. Mafuta, tozo na paking vikizidi nauli ya bajaji, na ninyi ni watatu tu, acheni gari nyumbani.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Nafasi za karibu na geti ndizo mara nyingi za mwisho kutoka. Kiwanja kikifungwa saa kumi na mbili, umati wote unamiminika kupitia hapo hapo, na gari la VIP linasubiri watu wapite wakati waliopaki karibu na barabara wameshafika kwenye taa. Kwa mwenye kiwanja, suluhisho ni kuweka njia ya watembea kwa miguu yenye kamba, upana wa mita 3, upande mmoja tu wa safu za VIP, na ikifika saa kumi na moja njia zote za geti la magari zigeuzwe kuwa za kutoka isipokuwa moja. Kwa dereva, ingiza gari kinyumenyume asubuhi ukiwa na nafasi na mwanga, pua ielekee njia. Jioni, giza likiingia na watoto wakikimbia kati ya magari, hutalazimika kurudi nyuma usikokuona.