“Mungu aliumbwa na nani?” na dhana nyingine kuhusu sababu za kuamini

Kila Jumamosi asubuhi nafundisha darasa la kipaimara katika usharika wetu. Vijana wa sasa wana simu, wameona video za mijadala, na maswali yao ni makali kuliko yetu tulipokuwa na umri wao. Sisi tulikariri Katekisimu tukaishia hapo. Wao, wanaoamini na wanaotilia shaka, wote wana uhakika kwamba wanajua kwa nini Mkristo anaamini. Ila nyingi ya sababu wanazotutajia si zetu kabisa.

Dhana: Mungu tuliletewa na Wazungu

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, basi nianze nayo. Bibi yangu alikuwa akichochea moto alfajiri huku akimtaja Ruwa, jina la Mungu kwa Kichaga, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na aliyeko chumba cha pili. Jina hilo halikushuka na meli. Wachaga walikuwa nalo kabla ya mmisionari Johannes Rebmann kufika kwao mwaka 1848, na wamisionari ndio waliolazimika kujifunza kulitamka. Wakikuyu nao walikuwa na Ngai, na Biblia ya Kikikuyu inamwita hivyo hadi leo. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakuhitaji kubuni neno la kumtaja Muumba, maana Waswahili walikuwa wakisema Mungu katika tenzi zao na Wamijikenda wakisema Mulungu.

Hata Ukristo wenyewe Afrika haukuanza na wamisionari hao. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliupokea karne ya 4, na msalaba ukaonekana kwenye sarafu zake. Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale aliyemwambia Mungu kwamba mioyo yetu haitulii mpaka itulie ndani yake, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo.

Sisemi wamisionari hawakukosea. Walikosea, na baadhi yao walitembea bega kwa bega na wakoloni. Lakini kilichokuwa kipya kwa watu wa bibi yangu ni habari za Yesu. Ruwa walikuwa wanamjua. Paulo anaandika katika Warumi 1:20 kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana hufahamika kwa kazi zake. Watu kumtafuta Muumba hata kabla ya kuhubiriwa ni jambo ambalo Mkristo hulihesabu kuwa mojawapo ya sababu zake.

Dhana: Kila kitu kina chanzo, kwa hiyo Mungu naye aliumbwa

Mwaka huu aliyeuliza ni binti anayekaa benchi la nyuma. Wenzake walicheka, mimi nilifurahi, maana ni swali la mtu anayefikiri. Tatizo ni kwamba Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, hakusema kamwe kwamba kila kitu kina chanzo. Yeye alianzia kwingine: vitu tunavyoviona vingeweza kutokuwepo, na hata sasa hivi havijisimamishi vyenyewe.

Nikawaonyesha taa inayoning'inia kwa mnyororo mbele ya madhabahu. Kila pete inashikwa na pete iliyo juu yake. Ongeza pete elfu, ongeza milioni. Kama hakuna boriti, taa iko sakafuni. Ukiuliza boriti inaning'inia wapi, umeifanya kuwa pete nyingine. Kijana mmoja akanijibu kwamba boriti nayo imekalia ukuta. Ni kweli, na hapo ndipo mfano wangu unapokoma, kwa sababu Thomas anazungumzia kitu ambacho hakikalii chochote.

Wengi hawajui kwamba Thomas huyohuyo alikataa hoja rahisi ya “ulimwengu ulianza, kwa hiyo Mungu yupo”. Alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo, na kwamba hilo tunalipokea kwa imani kutoka katika Maandiko.

Dhana: Sayansi imeshamaliza mjadala

Wapo wanaosema Mlipuko Mkuu (Big Bang), nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, umemfukuza Mungu, na wapo wahubiri wanaosema umemthibitisha. Aliyeanzisha wazo hilo angewasahihisha wote. Georges Lemaître alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulitokana na kitu kimoja alichokiita atomu ya kwanza. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi akionyesha kwamba sayansi ni kana kwamba imeshuhudia ile “Iwe nuru” ya Mwanzo. Padre Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia ile ilikuwa fizikia, na haikutakiwa kubebeshwa mzigo wa teolojia. Alifariki mwaka 1966, muda mfupi baada ya kupata habari kwamba mnururisho, yaani mionzi hafifu iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, umegunduliwa.

Nampenda sana mtu huyu. Aliadhimisha misa na akapiga hesabu, na hakutumia moja kuficha udhaifu wa nyingine. Zaburi 19 inaposema mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, haimpi mtu ruhusa ya kuacha kuzipima.

Dhana: Imani ni kuamini bila ushahidi

Watu hutaja Waebrania 11:1. Hebu tuusome: imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, “ni bayana ya mambo yasiyoonekana”. Bayana! Hilo ni neno la mtu aliyekuja na uthibitisho.

Paulo anafanya hivyo hasa. Katika 1 Wakorintho 15, waraka ulioandikwa yapata miaka 25 baada ya kusulubiwa kwa Yesu, anaorodhesha waliomwona akiwa hai: Kefa, wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado wanaishi. Ni sawa na kuwaambia wasomaji wake waende wakaulize. Kisha anasema jambo ambalo viongozi wa dini hawapendi kulisema: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Wanahistoria wanabishana juu ya ushahidi huo, na wana haki. Ila mtu anayeiweka imani yake mahali inapoweza kuvunjwa huwezi kumwambia kwamba amefumba macho.

Dhana: Asiyemwamini Mungu hawezi kuwa mtu mwema

Hii ni ya kwetu wenyewe, na inatutia aibu. Warumi 2 inasema hata wasio na torati wana kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao. Hoja ya Mkristo kuhusu dhamiri ni kwamba mtu yeyote, awe na dini au asiwe nayo, anajua kumnyang'anya mjane shamba ni uovu hata kama mahakama imekupa hati.

Dhana: Muumini hahoji

Katika misiba yetu lazima atokee mtu wa kusema, “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.” Ni maneno ya Ayubu, sura ya 1. Anayeyasema mara nyingi hajafika sura ya 3, ambapo Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, wala sura zinazofuata, ambamo anamdai Mungu majibu. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia rafiki zake waliokuwa na maelezo kwa kila kitu, na kusema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa.

Jirani yangu alimzika mwanawe wa miaka 6. Usiku wa pili mama mmoja akamwambia asilie, ni mapenzi ya Mungu. Akajibu taratibu, bila kuinua kichwa mkekani, “Dada, nimemwambia sijaelewa. Na kesho nitamwambia tena.” Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza kwa nini bado anasali. Hakunitajia mnyororo wala mashahidi 500. Alianza kuwataja kwa majina wale kina mama wa jumuiya waliolala naye mkekani mpaka matanga yakaisha, na yule aliyemwambia asilie alikuwa wa kwanza.