Nionyesheni Uzio Wake Kwanza

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu, Leicester. Pilau bado lipo mezani, akaanzisha tena ubishi wetu. Wakongwe wa rock, anasema, ndio peke yao waliobaki wanaomheshimu shabiki: wamepanda kwa jasho lao, wanapiga saa tatu mfululizo, wanajua ni nani aliyewafikisha pale. Hawa vijana wa pop wameundwa na kampuni, wanauza sura, wanamkamua mtoto wa watu. Binti yake, ana miaka 15, akaweka kijiko chini. Wazee wa rock wana majivuno, akasema, hawajui hata kama shabiki yupo, ilhali vijana wake wa Korea wanamwandikia kila siku kwenye simu. Kisha wakanigeukia wote wawili. "Shangazi, si ndiyo kazi yako? Hebu mwambie baba."

Ni kazi yangu, kweli. Miaka 14 sasa nalinda usalama kwenye maonyesho ya muziki: nasimama kwenye kile kinjia kati ya jukwaa na uzio wa mbele, katika kumbi na viwanja vya Uingereza, mgongo kwa mwimbaji, macho kwa watu. Mwimbaji mwenyewe namwona kwa kuibia. Ninachokijua vizuri ni nyuso za safu tatu za kwanza: nani anaimba, nani anapumua kwa shida, nani amekuja tangu alfajiri hajala. Na swali hili la wazee na vijana nimeulizwa harusini, msibani, kwenye basi, na kila mara anayeuliza ameshajijibu. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika lote.

Kwanza, hao wazee walikuwa ndio vijana. Beatles walipoacha kufanya ziara, onyesho lao la mwisho la kulipia likiwa Candlestick Park, San Francisco, tarehe 29 Agosti 1966, walikuwa na umri wa miaka 20 na ushei, na mashabiki wao walikuwa wasichana waliopiga kelele mpaka bendi haijisikii yenyewe. Hao hao Beatles, kila Krismasi kuanzia 1963 hadi 1969, waliwarekodia wanachama wa klabu yao ya mashabiki salamu, vichekesho na shukrani kwenye kisahani cha plastiki, wakawatumia kwa posta. Tofauti na ujumbe anaoupata binti wa kaka yangu kwenye simu ni kwamba yeye analipia kila mwezi. Tofauti hiyo ni kubwa na nitairudia, lakini haihusiani na umri wa mtu wala na gitaa.

Tabia ya mtu mmojammoja nitaipita haraka, maana ndipo watu wanapopenda kukwama. Roger Waters wa Pink Floyd alimtemea mate shabiki Montreal mwaka 1977, na akakiri mwenyewe. Axl Rose wa Guns N' Roses alirukia watazamaji karibu na St. Louis mwaka 1991 kwa sababu ya kamera ya shabiki, kisha akaondoka jukwaani, ghasia zikafuata. Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, alitangaza mwaka 2008 kwamba barua za mashabiki za baada ya Oktoba 20 zitatupwa. Upande wa pili, Grateful Dead, bendi ya Marekani, tangu 1984 waliwatengea mashabiki eneo maalumu la kusimamisha maikrofoni zao na kurekodi onyesho bure. Dave Grohl wa Foo Fighters alivunjika mguu Gothenburg, Uswidi, mwaka 2015, akafungwa bandeji, akarudi kumaliza onyesho akiwa amekaa. Wote hao ni rock. Kaka yangu amchague anayemtaka kuwa mwakilishi wa wazee, nami nitamtolea mwingine wa kumpinga.

Kinachoniudhi hasa ni hili neno "anawapenda mashabiki wake", kwa sababu limejengwa juu ya tabasamu. Video ya sekunde 20, mwimbaji ameinama kumshika mtoto mkono, na watu wanalia. Nimewahi kuwa pembeni ya mkono kama huo. Ni kitu kizuri, sikikejeli. Lakini siku hiyo hiyo kulikuwa na watu waliosimama nje kwenye lami tangu saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna aliyekuwa amepanga wapate wapi maji wala choo. Mwimbaji hakulijua hilo. Swali langu ni moja: alimwagiza nani alijue?

Shabiki anatendewa sehemu mbili: kwenye tiketi na kwenye uzio. Tuanze na tiketi.

Mwaka 1994 Pearl Jam, bendi ya rock ya Marekani, waliishtaki Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa Wizara ya Sheria ya Marekani, wakidai kampuni hiyo imehodhi soko, na wanamuziki wao wawili wakaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1995 bila hatua yoyote na bendi ikawa imejiumiza, kwa sababu kumbi nyingi kubwa zilikuwa na mkataba na kampuni ile ile. Klabu yao ya mashabiki, hata hivyo, hadi leo inagawa viti kwa namba ya uanachama: aliyejiunga zamani anakaa mbele zaidi. Mwaka 2023 Robert Smith, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza The Cure, alikataa bei zinazopanda kadiri watu wanavyozidi kupanga foleni, akaweka baadhi ya tiketi za Marekani kwa dola 20. Ada za huduma zilipokaribia au kuzidi bei ya tiketi yenyewe alilalamika hadharani mpaka Ticketmaster wakakubali kurudisha dola 10 kwa tiketi za bei ya chini na dola 5 kwa nyingine. Dola 10 si nyingi, lakini alikuwa mzee wa miaka 63 aliyekaa kusoma risiti ya shabiki wake mstari kwa mstari. Heshima ninayoizungumzia mimi ndiyo hiyo.

Sasa kaka yangu asishangilie. Mwaka 2022 baadhi ya tiketi za mkongwe wa rock Bruce Springsteen zilifika karibu dola 5,000 kwa mfumo huo huo wa bei inayopanda, na yeye akautetea. Jarida la mashabiki wake, Backstreets, lililokuwapo tangu 1980, lilitangaza kufunga mwezi Februari 2023, na bei hizo zilikuwa sababu mojawapo. Mwaka 2024 Oasis, bendi ya rock ya Uingereza iliyokuwa imevunjika, waliporudi pamoja, tiketi za kusimama zilizotangazwa kwa takriban pauni 150 ziliuzwa kwa zaidi ya pauni 350 kwa watu waliokuwa wamesubiri mtandaoni siku nzima. Bendi ikasema mambo ya tiketi iliwaachia mapromota na mameneja, na haikujua kwamba mfumo huo ungetumika. Labda. Lakini kutojua bei anayolipa mtu anayekufuata kwa miaka 30 ni jibu tosha juu ya nafasi aliyonayo kwako.

Hapa nina shaka ambazo wenzangu hawapendi nizitaje. Springsteen alitoa hoja ambayo bado inanisumbua: tofauti kati ya bei ya chini na bei ambayo soko liko tayari kulipa haipotei, inaingia mfukoni mwa walanguzi, na yeye aliona afadhali iwafikie wanaotoka jasho jukwaani. Nimewaona walanguzi hao nje ya geti langu, na hawajawahi kumwonea mtu huruma. Dawa iliyopo ni tiketi isiyohamishika, yenye jina. The Cure waliijaribu, ila majimbo ya New York, Illinois na Colorado yana sheria zinazozuia kumfunga mnunuzi asiihamishe tiketi yake. Na mimi ndiye niliyewahi kumrudisha getini mama aliyekuja na tiketi ya binti yake aliyelazwa hospitali usiku uliotangulia. Kanuni ilikuwa ya kumlinda shabiki. Niliitekeleza, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Tuje kwenye uzio. Tarehe 3 Desemba 1979, nje ya ukumbi wa Riverfront Coliseum mjini Cincinnati, Marekani, watu 11 walikufa wakisubiri kuingia kwenye onyesho la The Who, bendi ya rock ya Uingereza. Nafasi hazikuwa na namba, kwa hiyo aliyewahi ndiye aliyepata mbele. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Watu waliokuwa nje wakasikia muziki, wakadhani onyesho limeanza, wakasukuma. Bendi ilipiga mpaka mwisho bila kujua, ikaambiwa baadaye. Tarehe 30 Juni 2000 huko Roskilde, Denmark, watu 9 walikufa mbele ya Pearl Jam, bendi ile ile niliyoisifu hapo juu, huku mwimbaji akiwasihi watu warudi nyuma hatua tatu.

Hakuna kati ya hao aliyewachukia mashabiki wake. Upendo wao haukuwa na kazi yoyote pale, kwa sababu kazi ilitakiwa ifanyike mapema: idadi ya milango, umbali kati ya vizuizi, nani ana amri ya kusimamisha muziki na ataitoa kwa redio gani. Kwa hiyo meneja wa msanii akija mchana, namsikiliza kwa sikio moja tu akinieleza jinsi bosi wake anavyowathamini watu. Nasubiri aniulize maji yatapitishwa wapi. Nasubiri aniulize tumekubaliana ishara gani. Wapo vijana wa pop wanaokuja na watu wao wakauliza hayo kabla sijafungua mdomo, maana mashabiki wao ni watoto na wanajua watoto huzimia. Wapo wakongwe ambao watu wao wamefanya hivi miaka 40 na hawataki kuambiwa kitu.

Na mara nyingine msanii mwenyewe anaona, anasema, na bado haitoshi. Rio de Janeiro, tarehe 17 Novemba 2023, joto kali, mwimbaji wa pop Taylor Swift alionekana jukwaani akiomba watu wapelekewe maji. Shabiki wa miaka 23 alifariki usiku ule. Mashabiki walilalamika kwamba walizuiwa kuingia na maji, na kesho yake serikali ya Brazil ikaagiza waruhusiwe. Swift si mwanamke asiyejali: mwaka 2014 aliwaalika mashabiki nyumbani kwake kuwasikilizisha albamu kabla haijatoka. Lakini chupa ya maji inazuiwa getini, na getini hayupo.

Hata kusimamisha onyesho, jambo ambalo siku hizi mtandao unalisifu kama ushujaa, sina uhakika nalo kila wakati. Muziki ukikatika ghafla, walio nyuma hawajui kwa nini, husogea mbele kutazama, na mzigo unaongezeka juu ya yule yule aliyeanguka. Afadhali msanii apunguze mwendo, aongee polepole, awape watu kazi ya kufanya kwa miguu yao. Lakini nikiwa nimemshika mtu mikononi, midomo imebadilika rangi, nataka tu kelele zikome.

Sasa binti wa kaka yangu, maana sijamsahau. Ukaribu anaousifu ni bidhaa, na wenye biashara hawajawahi kuficha hilo. Japani, kundi la AKB48 lilianza mwaka 2005 na ukumbi wake mdogo Akihabara kwa ahadi ya nyota unaoweza kukutana nao. CD ikaja na tiketi ya kupeana mkono, sekunde chache kwa mtu, na mfanyakazi amesimama pembeni kukubandua muda ukiisha. Korea wanafanya droo: kila albamu unayonunua ni nafasi moja zaidi ya kuchaguliwa kukaa mbele ya nyota akusainie albamu yako, na ndani ya kila albamu mna kadi ya picha usiyoijua mpaka uifungue. Mtoto hanunui muziki mara nane. Ananunua nafasi ya kutazamwa.

Hata hivyo siwezi kusema kama kaka kwamba ni utapeli mtupu. Nimewaona wasichana wanatoka kwenye meza zile wakitetemeka kwa furaha, na furaha hiyo haikuwa bandia. Ninayemwonea uchungu zaidi ni aliyekaa upande wa pili wa meza. Mwaka 2014, kwenye tukio la kupeana mikono mkoani Iwate, mtu mwenye msumeno aliwajeruhi wasichana wawili wa AKB48 na mfanyakazi mmoja. Justin Bieber alifuta vikao vya kukutana na mashabiki mwaka 2016 akisema vinamchosha roho, na watu walikuwa wameshalipia. Chappell Roan, mwimbaji wa pop wa Marekani, alisema wazi mwaka 2024 kwamba kumfuata na kumshika bila ridhaa si haki ya shabiki, akaitwa hana shukrani. Mimi nilisoma maneno yake nikiwa kwenye basi la kutoka zamuni, nikayasoma tena. Ndiyo maneno ninayowaambia watu mbele ya uzio kila wiki, isipokuwa mimi nina fulana ya njano ya ulinzi na yeye hana.

Jumapili ile sikusema yote haya. Nilimwuliza binti ana albamu ngapi za kundi lake. Ishirini na sita, akasema. Za aina ngapi? Nne. Kaka akacheka, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwuliza yeye, ile tiketi ya kiangazi ya bendi anayoipenda tangu sekondari, mwisho aliilipa shilingi ngapi. Wifi yangu alikuwa anatoka jikoni na chai, akasimama mlangoni kusikiliza. Kaka akaomba sukari.