Si kukosa uji kunakomwamsha mtoto wa wiki 10 usiku

Jumanne wiki hii aliletwa mtoto wa wiki 10 kuchomwa chanjo. Amepakatwa na bibi yake, mama mtu anafuata nyuma na mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya uji mweupe wa mahindi, na chuchu ya ile chupa ilikuwa imetobolewa kwa sindano iliyochomwa motoni ili uji upite. Huyo alikuwa wa tatu tangu mwezi uanze. Niko kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga mwaka wa 17 sasa, na maneno ni yaleyale: "Nesi, alikuwa halali huyu, maziwa hayamshibishi. Tangu tumuanzishie uji, analala."

Siwezi kulijibu hilo kwa dakika tatu huku benchi limejaa. Leo nalijibu kwa nafasi.

Tuanze na uji wenyewe. Uji unaopita kwenye chuchu, hata chuchu iliyotobolewa, ni maji yenye unga kidogo. Gramu 7 za unga wa mahindi ndani ya mililita 100 zinakupa kama kilokalori 25. Mililita 100 za maziwa ya mama zinakupa kati ya 65 na 70, tena pamoja na mafuta ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Kwa hiyo tumbo limejaa, lakini mtoto hajala. Nilifungua kadi ya yule wa Jumanne: kilo 3.1 alipozaliwa, 4.5 alipokuja wiki ya 6, na juzi 4.6. Gramu 100 kwa mwezi mzima. Uji ulianza wiki ya 7. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha huwa mnyonge, na mnyonge hulala. Bibi anaona amani, mimi naona mstari wa uzito uliolala.

Madhara mengine ya uji nayataja haraka kwa kuwa mmeyasikia: kuharisha, chupa isiyosafishika vizuri, na kupaliwa. Tundu kubwa la chuchu linamwaga uji kuliko mtoto anavyoweza kumeza. Unaingia njia ya hewa, na wiki inayofuata tunahangaika na kifua.

Ila la kuamka usiku ndilo linalonikera, maana hapo ndipo kosa lote linapoanzia. Watu wanaamini mtoto aliyeshiba hulala usiku kucha, na asiyelala ana njaa. Sivyo usingizi wa mtoto mchanga ulivyoumbwa.

Mtoto wa mwezi mmoja hashuki moja kwa moja kwenye usingizi mzito kama mtu mzima. Anaanzia kwenye usingizi mwepesi. Mtazame kwa karibu: kope zinachezacheza, midomo inanyonya hewa, anakunja uso, anatabasamu (kina bibi husema anazungumza na malaika), anaguna, pumzi zinakwenda mbio kisha zinasita kidogo. Karibu nusu ya usingizi wake wote ni wa namna hiyo. Kutoka mwepesi kwenda mzito na kurudi ni kama dakika 50, wakati kwa mtu mzima ni kama dakika 90. Kila anaporudi kwenye ule mwepesi anakaribia kuamka, na mara nyingine huamka kweli. Hayo yanampata aliyeshiba na mwenye njaa sawasawa.

Sasa mama aliyechoka, saa nane usiku, anasikia mguno. Anawasha taa ya simu, anamnyanyua, anamsemesha. Mtoto alikuwa usingizini bado, na sasa ameamshwa. Asubuhi mama anasimulia kwamba mtoto kaamka mara saba. Ninachowaomba ni kusubiri. Usimguse, usiwashe taa, hesabu polepole hadi 60. Kikija kilio chenyewe, mnyonyeshe. Akiguna na kujinyoosha tu, mwache apite.

Na lile la "nikimweka tu anashtuka": anashtuka kwa sababu bado yuko kwenye usingizi mwepesi. Inua mkono wake kidogo, kisha uachie. Ukiwa bado na ubishi na kiganja kimekunjwa, endelea kumpakata. Ukidondoka kama khanga iliyoloa, vidole vimelegea na pumzi zinakwenda kwa mpigo mmoja, mlaze. Mara nyingi ni dakika 15 hadi 20 tangu afumbe macho. Wengi wanamlaza dakika ya tano, halafu lawama zinaangukia maziwa.

Kuna pia saa ya mwili. Alipokuwa tumboni alifuata saa ya mama yake. Akizaliwa hana yake, ndiyo maana anachanganya usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani linataja saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, lakini saa hizo zimekatwa vipande vipande, usiku na mchana. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 hivi mwili unaanza kujua usiku ni usiku, na usingizi mrefu unahamia gizani. Kilio nacho kina umri wake. Kinapanda, kinafika kilele karibu na wiki ya 6, kisha kinashuka hadi mwezi wa 3 au wa 4. Jioni ndiyo mbaya zaidi, na ndipo watu wanaposema ana mchango wa tumbo, ana zongo la jicho baya, atafutiwe mganga.

Haya, angalia uji huanzishwa lini. Nyumba inavumilia wiki ya 5, wiki ya 6, kilio kiko juu kabisa. Wiki ya 7 au 8 bibi anasema basi, bandikeni uji. Wiki mbili zinapita, mtoto analia kidogo na analala zaidi. Nani amesifiwa? Uji. Na huyo bibi hakudanganya hata kidogo, aliona kwa macho yake, kwa watoto wake wote na wajukuu wote. Alichokiona ni umri, akakipa jina la uji. Ndiyo maana siwezi kumshinda kwa kumwambia "wataalamu wamesema". Ana ushahidi wa miaka 40, ila ameusoma vibaya.

Jambo hilo limepimwa. Marekani, mwaka 1989, watoto 106 waligawanywa: wengine walipewa nafaka kwenye chupa kabla ya kulala kuanzia wiki ya 5, wengine walingojea hadi mwezi wa 4. Usingizi haukutofautiana.

Niseme na lile ambalo hatuliweki kwenye mabango ya kliniki. Mwaka 2018 yalitoka matokeo mengine kutoka Uingereza, watoto 1,303 waliokuwa wakinyonya. Walioanza vyakula miezi mitatu walilala zaidi kuliko waliosubiri miezi sita. Tofauti ilipokuwa kubwa kabisa ilikuwa kama dakika 16 kwa usiku, na kuamka mara 1.74 badala ya 2.01. Nilipoyasoma sikufurahi, maana yanampa bibi nusu neno. Lakini siwezi kuyaficha. Watoto wale hawakushindiliwa uji mwembamba kwa chupa, na waliishi kwenye nyumba zenye maji safi ya bomba saa zote. Na mama, tuseme umepata hizo dakika 16. Ungezibadilisha na kuharisha mara mbili kabla mtoto hajaanza kukaa? Mimi nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, na bado nasema maziwa ya mama pekee hadi miezi sita.

Kuna na hasara isiyoonekana. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mtoto akinyweshwa uji saa tatu na kuruka mnyonyo wa usiku, titi linapokea habari kwamba hahitajiki. Baada ya wiki chache maziwa yanapungua kweli, na lile neno "maziwa hayatoshi", ambalo lilikuwa uongo, linageuka kuwa kweli. Kama unataka kujua maziwa yanatosha, usiulize kilio. Angalia uzito kwenye kadi, na hesabu mikojo: sita au zaidi kwa siku ni dalili njema.

Joto nalo hatulipi uzito. Kaskazi, tuseme Februari, mji unachemka, halafu naletewa mtoto mwenye kofia ya sufu, sweta, soksi na blanketi juu ya khanga mbili. Namvua, mgongo umeloa, shingo imejaa harara. Mtoto huyo atalalaje? Joto likizidi linaongeza hata hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Viganja vya mtoto hupoa kirahisi, visikudanganye. Pitisha mkono nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, mpunguzie. Usiku wa Ngamiani, hapa mjini, unataka nepi na fulana nyepesi, basi. Lushoto, kule milimani kwenye baridi, ni habari nyingine.

Mlaze chali. Uingereza walipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu. Kuhusu kitanda, tulifundishwa kwamba mtoto alale chumba kimoja na mama lakini kitanda chake mwenyewe. Ni kweli ndiyo salama zaidi. Ila nyumba ninazozijua mtaa wa Makorora zina chumba kimoja, kitanda kimoja na chandarua kimoja. Nikimtoa mtoto nje ya chandarua nimemkabidhi kwa mbu. Wanangu wote nililala nao, kwa hiyo sitasimama mbele ya mama mwingine nijifanye sikufanya. Ninachosisitiza ni godoro gumu, mito mbali naye, mtoto asifunikwe uso, na asilale kitanda kimoja na aliyekunywa pombe, mvutaji sigara au aliyemeza dawa ya usingizi. Aliyezaliwa njiti asilale kitanda kimoja na wazazi kabisa. Na kochi kamwe: mama anayesinzia kwenye kochi akinyonyesha ni hatari kuliko kitanda.

Dawa za mafua zisagwe mtoto alale? Hapana. Zinaweza kumzimia pumzi. Sina la kuongeza hapo.

Mkitaka kuisaidia saa ya mwili, asubuhi mtoeni barazani aone mwanga, mchana msinyamazishe nyumba, usiku giza, runinga izimwe, na kunyonyesha kuwe kimya bila mazungumzo. Mwogesheni jioni. Na ile mikesha ya wiki ya 6, sina ufumbuzi wa kuiondoa, inapita yenyewe. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayevuta pumzi hadi mbavu zinabonyea, au mzito kuamka, huyo msingoje asubuhi. Mleteni.

Yule bibi wa Jumanne aliniambia, "Mwanangu, hata wewe umekunywa uji ukiwa mchanga." Nikamjibu, "Kweli, bibi, na mama yangu alizika wawili." Akanyamaza, akanishika mkono. Sikumwomba aache kusaidia, nilimwomba abadilishe msaada: alfajiri, mtoto akishanyonya, amchukue yeye, atoke naye barazani, mama alale hadi saa mbili bila kuitwa. Binti alipolisikia hilo machozi yalimtoka. Ile chuchu waliiacha kwenye ndoo ya taka pale mlangoni. Watarudi kwa chanjo ya wiki ya 14, nami nitampima mwenyewe.