Siki, ndimu na taa za babu

Wiki iliyopita nililetewa chemli mbili, zile taa za mafuta za kubeba mkononi, ndani ya ndoo moja, zinanuka siki. Mwenyewe ni mama mwenye nyumba ya wageni hapa Lamu, alitaka azitundike dakani, pale ukumbini mlangoni, kabla wageni wa kaskazi hawajajaa. "Nimeziloweka tangu jana, fundi. Wewe malizia tu." Nimalizie nini, mama? Siki imeshamaliza. Mashauri ya namna hii nayasikia kila siku:

"Loweka usiku kucha, kutu itatoka yote."

Itatoka, na visivyo kutu vitatoka nayo. Chemli nyingi ni bati la chuma lililovikwa zinki, na zinki hiyo ndiyo iliyoikinga taa na upepo wa bahari miaka yote. Siki huila zinki upesi. Asubuhi unaitoa taa safi, unafurahi. Haichukui muda imeshapiga rangi ya chungwa, maana chuma kimebaki uchi. Halafu mtu anaisuuza kwa maji ya kisima yenye chumvi! Chumvi inajificha kwenye vishimo, inavuta unyevu, na kutu inaanza upya chini ya rangi mpya. Ndipo naambiwa rangi yangu mbovu.

Tena mama huyu aliloweka vichwa vya utambi, ambavyo ni shaba, pamoja na vyuma. Shaba kidogo ikayeyuka ikahamia kwenye chuma, kikatoka na wekundu kama kimepakwa hina.

Siki sikuikataa. Ni ya chuma kitupu: skrubu, ndoano, waya wa kushikia. Fungua taa yote, loweka hivyo tu, vitazame kila nusu saa huku ukisugua kwa mswaki. Vikisafika, suuza kwa maji ya magadi, kisha maji ya mvua, kausha papo hapo, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga, siku hiyo hiyo. Ukisema kesho, kwa hewa hii ya chumvi, kesho utaanza tena na siki. Bati la zinki lioshe kwa sabuni na brashi laini. Msasa upite penye kutu tu, tena msasa wa maji, kwa sababu rangi za zamani huenda zina risasi na vumbi lake si la kuvuta.

"Hii ni shaba tupu."

Nina sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, haitoki mfukoni. Nawe tafuta yako kabla hujanunua taa yoyote. Ikinasa, mkononi una chuma kilichovikwa shaba nyembamba, na ukikisugua kwa ndimu na mchanga utaivua nguo. Ule weupe wa karabai za Petromax, zile taa za presha, nao ni nikeli au kromu juu ya shaba. Uache.

"Mafuta ya nazi yanaitunza shaba."

Yanatunza nywele. Yakichacha, asidi yake huigeuza shaba kijani. Paka nta ya nyuki, nyembamba.

"Tangi limeliwa kidogo, lipige rangi tu."

La chemli, tutazungumza. Tangi la karabai hujazwa upepo kwa pampu, na rangi haizuii presha. Likishaliwa na kutu, hiyo karabai ni pambo. Tia balbu.

Chemli za yule mama bado ziko kwangu. Alizitaka zing'ae kijivu kama zamani. Zinki haipo, kwa hiyo zitapakwa nyeusi, apende asipende.