Wiki moja ya The Lion and the Jewel kidato cha tatu, ninavyoipanga

Walimu wapya huwa wananiomba skimu yangu ya kazi, yaani mpango wa kufundishia, wakidhani ndo siri ilipo. Skimu ni muhimu, mwalimu wa taaluma ataitaka na mthibiti ubora akija ataitaka, ila wiki yenyewe ya fasihi ya Kiingereza mimi naipanga kwa swali moja tu. Ukiwa nalo Jumapili jioni vipindi vyote vinajipanga nyuma yake, ukilikosa basi Jumatatu utajikuta unaandika ubaoni dhamira, wahusika, mandhari, mbinu za kisanaa, watoto wananakili mpaka kengele inalia na hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja wa tamthilia. Na hiyo orodha wanaijua tayari, mwalimu wa Kiswahili kashawafundisha fani na maudhui, sasa kwa nini uwarudishie kwa Kiingereza?

Tuchukue tamthilia ya The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka. Ina sehemu tatu, asubuhi, mchana na usiku, na wiki ya kwanza mimi sitoki kwenye asubuhi. Swali langu la wiki ni hili: je, Lakunle, yule mwalimu wa shule ya kijiji, ni mtu wa kisasa kweli? Nimelichagua makusudi kwa sababu noti nyingi za mtaani zinamaliza habari kwa sentensi moja, Lakunle anawakilisha usasa, Baroka, mkubwa wa kijiji, anawakilisha mila, kwisha. Mtoto akikariri hivyo anaweza kupata maksi mbili tatu lakini kitabu hajakisoma.

Kipindi cha Jumatatu ni dakika arobaini, kwa hiyo tunasoma pale mwanzo tu, Sidi, binti mrembo wa kijiji ambaye Lakunle anataka kumuoa, anapita na ndoo ya maji kichwani, Lakunle anatoka mbio darasani kumpokonya ile ndoo. Nakala huwa hazitoshi, kitabu kimoja wanagombania watano sita, ndo maana nasema kusoma kufanyike darasani na kwa sauti, usitegemee atasoma bwenini usiku. Nachagua msomaji wa Sidi na msomaji wa Lakunle, wengine wanasikiliza na peni mkononi. Kabla hawajaanza nawaonyesha maelezo ya jukwaa kuhusu suti ya Lakunle: ya Kizungu, kuukuu, safi ila haijapigwa pasi, na imembana. Nauliza kwa nini mwandishi amvalishe suti inayombana? Wapo watakaosema ni umaskini, atatokea mmoja aseme labda na huo usasa wenyewe haumkai vizuri, na hapo somo linakuwa limeanza lenyewe, mimi nanyamaza.

Afu kuna ile sehemu yenye utajiri zaidi. Lakunle anamkataza Sidi kubeba mzigo kichwani kwamba shingo itakuwa fupi, anajifanya mtetezi wa wanawake, halafu kurasa chache mbele anamwambia ubongo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanaume, na kwamba kasoma kwenye vitabu vyake! Nawaambia wapige mstari hapo. Kisha linakuja suala la mahari: Sidi yuko tayari kuolewa ila alipiwe mahari, Lakunle anasema huo ni ushenzi hatoi. Darasa linawaka moto hapo, maana mahari wanaijua nyumbani kwao, dada zao wameolewa wakaona. Nawaachia wabishane kwa Kiswahili kama dakika tano hivi. Najua kuna shule zina sheria ya Kiingereza tu kuanzia getini, ila mtoto ambaye hajapata wazo kwa lugha anayoiota usitegemee alipate kwa lugha anayoitafuta kwenye kamusi. Mawazo yakishatoka ndo tunageuza, naandika ubaoni maneno sita saba ya Kiingereza watakayoyahitaji, basi.

Kipindi cha dabo, yaani vipindi viwili mfululizo, nakiweka katikati ya wiki na nakitumia kwa ile ngoma ya msafiri aliyepotea, ambapo wasichana wanne wanakuwa matairi ya gari na Lakunle analazimishwa kuigiza yule mgeni mwenye kamera aliyempiga Sidi picha za gazetini. Toa madawati pembeni, wacheze. Mwambie mwalimu wa darasa la jirani mapema kutakuwa na kelele. Baada ya hapo hawasahau kwamba picha za Sidi zimejaa gazetini wakati Baroka kabanwa kakona kadogo pamoja na choo cha kijiji, na wataelewa wenyewe kiburi cha Sidi kimetoka wapi.

Alhamisi ni kuandika. Aya moja tu kwa Kiingereza: hoja, mstari wa kitabuni unaoithibitisha, na maelezo ya mstari huo unaonyesha nini. Mtu akiandika Lakunle ni wa kisasa kwa sababu hataki mahari, namrudisha kwenye ule mstari wa ubongo, aniambie huo anauweka wapi. Insha nzima kwa darasa la watoto sabini hutaimaliza kusahihisha na watarudishiwa baada ya mwezi, haina faida. Aya moja unarudisha kesho yake.

Ijumaa naunganisha na kitabu cha pili kwa sababu maswali ya insha ya NECTA, baraza la mitihani, kwa kawaida yanataka vitabu viwili. Mahari inatupeleka moja kwa moja kwenye Three Suitors: One Husband ya Oyônô-Mbia wa Kameruni, familia ya Juliette imepokea laki moja kwa mkulima, ikapokea laki mbili kwa mtumishi wa serikali, na yeye anampenda mwanafunzi asiye na kitu. Swali la kuwaachia wikiendi: Sidi anadai mahari, Juliette anaikataa, nani kati yao ana sauti zaidi?

Kipindi kikiliwa na kikao au usafi, usifidie kwa kukimbia, kata Ijumaa, usikate kuandika. Na wiki zinazofuata zinatufikisha kwa Sadiku, mke mkubwa wa Baroka, anayeshangilia kwamba Baroka kaishiwa nguvu za kiume, kwa hiyo kama darasa lina wavulana na wasichana amua kabisa Jumapili nani atasoma hapo, chagua binti jasiri asiyeyumbishwa na vicheko, na mwambie mapema apitie kurasa zake.