Jicho la kiume: maana yake, na kwa nini hukua katika sehemu ya pili ya filamu

Jicho la kiume ni namna ya kupiga na kupanga picha za filamu kana kwamba anayetazama ni mwanamume siku zote, na mwanamke aliyemo humo yupo ili atazamwe. Si jicho la mwanamume fulani aliyeketi ukumbini. Ni mahali kamera iliposimama, kitu ilichochagua kutuonyesha, na muda iliokaa hapo. Mwongozaji mwanamke anaweza kupiga picha kwa jicho hilo, na mtazamaji mwanamke akajikuta analitumia bila kujua, maana kamera haijampa jingine.

Dhana hii ina mwenyewe. Mwaka 1975 mwanazuoni Mwingereza Laura Mulvey alichapisha katika jarida la Screen makala kuhusu raha ya kutazama sinema. Alikuwa akizungumzia Hollywood ya zamani, enzi za Hitchcock, wala si maroboti na magari yanayolipuka. Alisema sinema ina macho matatu: la kamera, la sisi tuliokaa gizani, na la wahusika wanaotazamana wao kwa wao. Filamu hutusahaulisha mawili ya kwanza, tukabaki na la tatu. Na kwa kuwa hilo la tatu kwa kawaida ni la mhusika mkuu wa kiume, sote tunakuwa tumeazima macho yake. Mwanamume anatenda, hadithi inasonga. Mwanamke akitokea, hadithi inasimama kidogo ili tumtazame.

Hapo kwenye kusimama ndipo penye jambo kwa anayependa filamu za mapigano, kwa sababu mlipuko nao husimamisha hadithi. Ghorofa likiporomoka taratibu kwa dakika mbili, hakuna anayesema neno la maana na hakuna kinachoamuliwa. Tunakodoa macho tu. Tukiite kioja. Kioja na mwanamke wa kutazamwa wanafanya kazi moja ndani ya filamu, ndiyo maana mara nyingi huwekwa bega kwa bega na kupigwa picha kwa mtindo mmoja: kamera inazunguka polepole, mwanga wa machweo, muziki unapanda.

Chukua filamu ya kwanza ya Transformers, mfululizo wa maroboti yanayojigeuza magari, ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Michael Bay. Gari limezima njiani. Kijana wa kiume hajui la kufanya. Msichana, Mikaela, anafungua boneti, anainama juu ya injini, anataja kabureta ni ya aina gani, anaona kifuniko cha distribyuta kimelegea, na anaeleza kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha. Kwa maneno, huyu ndiye fundi wa filamu nzima. Kwa picha, kamera inateleza kwenye tumbo lake lililo wazi na kiuno chake, huku sauti yake ikiendelea kueleza mambo ya injini kwa mbali. Dada yangu mkubwa aliitazama nami sebuleni, akauliza: "Mbona anaongea kwa mdomo, na wao wanamtazama tumbo?"

Swali hilo ndilo dhana yenyewe. Mwandishi wa hadithi alimpa Mikaela ujuzi, kamera ikamnyang'anya. Ukitoka ukumbini na kumuuliza mtu anakumbuka nini kuhusu msichana yule, wengi hawatakutajia distribyuta.

Sehemu ya pili ikaja mwaka 2009, kwa bajeti ya takriban dola milioni 200. Maroboti yaliongezeka, pambano la mwisho likapelekwa hadi kwenye mapiramidi ya Misri. Mikaela naye anaonekana mara ya kwanza akiwa gereji, amelalia pikipiki, mgongo umepinda, anaipaka rangi. Katika filamu ya kwanza aliwahi kuwasha gari la kuvutia magari na kuliendesha kinyumenyume vitani huku roboti aliyejeruhiwa, aliyefungwa nyuma ya gari hilo, akifyatua risasi. Katika ya pili kazi yake kubwa ni kukimbia jangwani. Ya tatu, ya 2011, ikabadilisha mwigizaji kabisa, na huyo mpya tunatambulishwa kwake kwa nyuma, akipanda ngazi, miguu kwanza na uso baadaye.

Kwa nini jicho hili hukua filamu inapopata mwendelezo? Naona sababu ni ya kazi zaidi kuliko ya nia mbaya. Sehemu ya kwanza lazima itambulishe watu: huyu ni nani, anaogopa nini, anataka nini. Sehemu ya pili inawarithi watu hao wakiwa tayari, na kilichobaki ni kuongeza ukubwa wa kile kilichoonekana kuuza. Kioja kinakula dakika. Dakika zinazoliwa ni zile za wahusika, na anayeanza kunyimwa ni yule ambaye tangu mwanzo hakuwa na nyingi. Mwanamke anabaki na kazi isiyohitaji mazungumzo, ambayo ni kuonekana.

Watazamaji hawana kauli moja juu ya hili, na hoja zao zinastahili kusikilizwa moja moja.

Wapo wanaosema: nimelipa kuona maroboti, niachieni nadharia zenu. Hawa wana ushahidi wa fedha. Filamu ya 2007 iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani, ya 2009 zaidi ya milioni 800, ya 2011 ikavuka bilioni 1. Lakini ile ya 2009 ndiyo iliyopewa tuzo za kejeli za Razzie za filamu mbaya zaidi ya mwaka, mwongozaji mbaya na mswada mbaya. Tiketi haina mahali pa kuandika ulichokipenda. Aliyekwenda kwa ajili ya maroboti na aliyekwenda kwa ajili ya pikipiki ile wanahesabiwa pamoja, na wa tatu aliyeudhika njia nzima naye yumo kwenye hesabu.

Wengine husema wanaume nao wanavuliwa mashati. Ni kweli, na si hoja ya kupuuza. Mwaka 1983, katika jarida hilohilo la Screen, Steve Neale aliandika kuhusu mwili wa mwanamume kama kitu cha kutazamwa, hasa katika filamu za kauboi. Tofauti iko kwenye sababu inayotolewa. Misuli ya steringi huonyeshwa ikifanya kazi: anapanda mwamba, anabeba bunduki, anapigwa na kuinuka. Tunamtazama, ila filamu inatupa kisingizio kwamba tunatazama pambano. Mikaela pale kwenye boneti alikuwa anafanya kazi kweli, na kamera ikaikwepa kazi.

Sauti ambayo naona inatuhusu zaidi sisi ni ya bell hooks, mwandishi Mmarekani Mweusi aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo. Mwaka 1992 aliandika kwamba nadharia ya Mulvey ilimsahau mtazamaji mwanamke Mweusi. Huyo hakuwahi kualikwa kuwa steringi, wala kuwa yule mwanamke mweupe anayetamaniwa. Kwa hiyo alijifunza kutazama kwa kupinga, akiwa nje ya meza zote mbili. Jicho pinzani, kwa Kiswahili chetu. Aliyekulia kwenye vibanda vya video atalielewa haraka. Pale filamu haikuja na jicho la kamera peke yake. Ilikuja na sauti ya mtafsiri, mtu kama Lufufu wa Dar es Salaam, anayesimulia juu ya picha, anayempa jambazi jina la mtaani, anayeweza kumwekea demu wa steringi maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Mara nyingine sauti hiyo huongezea makali jicho lilelile la kiume, na kibanda kizima kikapiga miluzi. Mara nyingine humrudishia msichana akili yake. Vyovyote vile, mtazamaji wa kibanda amezoea kwamba picha inaweza kujibiwa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kudhani dhana hii ni habari ya nguo. Mtu anasikia jicho la kiume, anadhani dawa ni kumfunika mwanamke. Tazama Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, filamu ya nne katika mfululizo wa George Miller, iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia. Kuna pale ambapo Max anawakuta wanawake watano waliotoroka utumwani, wamevaa vitambaa vyeupe vyepesi, wanajiosha vumbi kwa mpira wa maji kando ya lori. Kwa filamu nyingine hapo pangekuwa karamu ya macho. Hapa mmoja wao anakatwa mkanda wa chuma aliofungwa na yule aliyewamiliki. Max ana kiu na ana mnyororo, naye anachotaka kwao ni maji na kitu cha kuukatia. Macho tuliyoazimwa yako kwenye maji na mkasi wa chuma. Nguo ni chache kuliko za Mikaela, lakini hadithi haikusimama, na wale wanawake hawakugeuka kuwa mandhari.

Hilo halikutokea kwa bahati. Miller alimwita Eve Ensler, ambaye siku hizi hujiita V, aende Namibia kuzungumza na waigizaji hao kuhusu wanawake wanaoshikwa mateka na kudhalilishwa vitani. Huyu ni mmoja wa waanzilishi wa City of Joy huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, kituo cha wanawake walionusurika na ukatili kilichofunguliwa 2011. Kisha picha zote zikaunganishwa na mhariri mwanamke, Margaret Sixel, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, moja kati ya sita za filamu ile. Wapo watazamaji wasioridhika hata hivyo. Wanauliza kwa nini wale watano wachaguliwe warembo wa kiwango cha matangazo. Nawapa haki yao. Hata hivyo, hicho ni kisa cha nani kachaguliwa, ambacho ni tofauti na kisa cha namna alivyotazamwa, na mtu anaweza kulalamikia kimoja bila kingine.

Mfululizo wa Transformers wenyewe ulirudi kwenye injini. Mwaka 2018 ilitoka Bumblebee, hadithi ya kabla ya zile nyingine, ikiongozwa na Travis Knight na kuandikwa na Christina Hodson. Ni California ya 1987. Msichana anaitwa Charlie, na anajaribu kuwasha gari ambalo alikuwa akilitengeneza na marehemu baba yake. Msichana tena, gari tena, ujuzi wa baba tena. Safari hii kamera iko kwenye mikono na uso. Wahakiki waliisifu kuliko zote zilizotangulia. Iliingiza chini ya dola milioni 500, chini ya nusu ya ile ya 2011, na wapo waliosema basi, watu wanataka kioja. Lakini ile iliyoitangulia, ya 2017, iliyojaa milipuko, nayo ilikuwa imeshuka hadi kama milioni 600, kwa gharama kubwa zaidi.

Nilimwekea dada yangu hiyo ya Charlie. Safari hii maswali yake yote yalihusu gari.